Sauti Inaegemea Kulia

Mara ya kwanza ililetwa kwa mkokoteni,
imefunikwa shuka, utadhani mgonjwa:
risiva nyeusi, nzito kama deni la arusi,
mgongoni matundu ya waya hayana hesabu.
Mwenyewe ni Safari Nzai, mlinzi wa nyumba ya Mtaliano
barabara ya Casuarina.
Tajiri aliuza nyumba, vitanda, hata milango,
na mshahara wa miezi mitatu akamlipa kwa hii.
Rimoti ilipanda ndege ndani ya mfuko wa koti.

"Fundi, haisemi."
Nikaiwasha. Ilisema, ila Kitaliano:
BENVENUTO, herufi za buluu zikipita kiooni
kama siafu wenye taa.

Nilipofungua kifuniko, chumvi ya Malindi ilikwisha nitangulia.
Juu ya transfoma, mjusi mkavu
aliyefuata joto akalala moja kwa moja.
Na kwenye kumbukumbu, vipimo vya ukumbi:
spika ya kushoto mita tano,
za nyuma mita saba.
Nzai alicheka mpaka akaishika meza yangu.
"Mita saba nyuma ya kiti changu ni choo cha jirani!"

Kumbe mashine ilikuwa ingali kwa Mtaliano,
inaichelewesha sauti nukta ya nukta
ili imfikie sawasawa
mtu ambaye hayupo.

Nzai alikaa nayo wiki mbili. Karo ilipobisha hodi, akaiuza.

Mara ya pili ni Lali Famau, mwenye kibanda cha mpira Maweni,
anapumua kama mchezaji.
Ilizimika dakika ya themanini na tisa,
penalti imewekwa, kipa ametanua mikono,
na watu sitini wakadai shilingi ishirini zao.
Nikakuta unywele mmoja wa shaba
umetoka kwenye waya wake ukamgusa wa jirani.
"Haijaungua," nikamwambia. "Imejikinga.
Ina haya kuliko wewe unayeikaba hadi mwisho."
Lali hakucheka. Siku ileile akapata mnunuzi.

Basi ikaenda Shella, kwa Bi Amriya,
aliyeunganisha simu za watu Posta miaka thelathini na moja,
kifaa cha kusikilizia kimemkaa kichwani kama kilemba cha chuma.
Nilikwenda mwenyewe kuipima upya.
Ina kipaza sauti kidogo, si kikubwa kuliko kungumanga;
unakiweka pale kitakapokuwa kichwa cha msikilizaji,
kisha unaombwa kimya.
Tulinyamaza: mimi, wajukuu wanne, muuza maji mlangoni.
Kuku hakunyamaza.
Mashine ikampima na yeye, ikamtia kwenye hesabu.

"Sasa niongezee kulia," Bi Amriya akasema.
"Sikio la kushoto niliwaachia Posta."
Nikaongeza alama sita, kidole juu ya kitufe,
na yeye akihesabu kwa kichwa.
Kila jioni ikimwambia BENVENUTO
humjibu, "Pronto, subiri nikuunganishe."

Alifariki mwezi wa Rajabu.

Jana imekuja tena, juu ya bodaboda,
imepakatwa na kijana aitwaye Kahindi.
Ameinunua kwa wajukuu, ameifuta ikang'aa, hana kosa.
"Fundi, sauti inaegemea kulia
kama mtu aliyebeba ndoo."

Najua dawa yake. Ni vitufe viwili,
unavibana pamoja, unahesabu hadi tano,
na kila kitu kinasahaulika: mita, alama, kuku.
Nilivigusa. Nikahesabu mpaka tatu.

"Chumba chako kikoje?" nikauliza.
"Cha kawaida."
"Basi sogeza kiti kushoto kidogo."

Akalipa mia mbili akinung'unika,
akaipakata, akaondoka.
Sijui kama kiti atakisogeza.